Kichwa cha Treni Hakifi kwa Uzee

Septemba 2025, mjini Lusaka, Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia, yaani TAZARA, ilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China ya CCECC wa kuifufua reli inayoanzia Dar es Salaam na kuishia Kapiri Mposhi. Fedha zinazotajwa ni dola za Marekani bilioni 1.4. Sehemu kubwa itakwenda kwenye njia yenyewe, na nyingine italeta vichwa vipya vya treni zaidi ya 30 pamoja na mamia ya mabehewa ya mizigo. Kwa reli iliyochechemea miaka mingi kiasi hiki, hii ni habari kubwa, na ni habari njema. Lakini lipo swali ambalo halipigiwi picha wala kukatiwa utepe: vichwa na mabehewa ya zamani yatafanywa nini? Wengi watajibu kwamba yapelekwe kwenye mizani ya chuma chakavu, mambo yaishe. Makala haya yanashika msimamo mwingine. Umri peke yake hauui vifaa vya reli. Huuawa na kukosa vipuri, kukosa karakana iliyo hai, na kukosa fedha ya kila mwezi ya matunzo. Reli isiyochunguza kilichoua vifaa vyake vya kwanza itavizika na vya pili kwa ugonjwa uleule, hata kama siku ya kuvipokea viling'aa namna gani.

Tukumbuke kwanza reli hii ilikotoka. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilijikuta shaba yake, uti wa mgongo wa uchumi wake, inapita kwenye njia za kusini zilizoshikwa na tawala zisizoitakia mema. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilipoombwa kugharimia reli ya kwenda bandari ya Dar es Salaam, zilisema mradi hautalipa. China ikakubali. Makubaliano yalisainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na Julai 1976 reli yenye urefu wa kilometa 1,860 ilikabidhiwa rasmi: kilometa 975 upande wa Tanzania na 885 upande wa Zambia. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, bila riba. Pamoja na njia hiyo vilikuja vichwa vya dizeli karibu mia moja, mabehewa ya mizigo yapatayo elfu mbili, na karakana za kuvihudumia, zikiwemo za Mbeya na Mpika. Jambo hili linasahaulika upesi mno. Reli hii ilianza na kila kitu kipya, kuanzia taruma la kwanza hadi breki ya behewa la mwisho. Kama upya ungekuwa dawa, TAZARA isingeugua.

Iliugua mapema sana. Vichwa vikuu vya mwanzo vilikuwa vya aina ya DFH2, vilivyotengenezwa Qingdao, vyenye nguvu ya farasi 2,000. Vilitumia mfumo wa haidroliki: injini ya dizeli inasukuma mafuta kwa nguvu ndani ya kigeuzi, mafuta yanazungusha shafti, na shafti inazungusha magurudumu. Kwenye tambarare mfumo huu hufanya kazi vizuri. Lakini kati ya Mlimba na Makambako njia inaacha bonde la Kilombero na kuparamia nyanda za juu za kusini, na mahandaki mengi kati ya 22 ya reli nzima yako kwenye kipande hicho. Kichwa cha haidroliki kikivuta mzigo mzito kupanda mlima kwa mwendo mdogo saa baada ya saa, mafuta yake hupata joto, sili zinachoka, na nguvu inayofika kwenye magurudumu inapungua. DFH2 zilizidiwa na mlima huo. Tena kila kipuri chake kilitoka upande wa pili wa dunia, kwa mtengenezaji mmoja tu. Haikupita miaka kumi tangu makabidhiano, vichwa vingi vikawa vimeegeshwa, na wataalamu wa Kichina wakaitwa tena kusaidia uendeshaji. Vilikuwa bado vijana kwa umri wa kichwa cha treni.

Jibu la miaka ya 1980 lilikuwa U30C, kichwa cha dizeli-umeme chenye teknolojia ya General Electric ya Marekani, kilichoundwa Ujerumani Magharibi na kampuni ya Krupp. Humu injini ya dizeli inazungusha jenereta, na umeme unashuka hadi kwenye mota sita, kila ekseli na mota yake. Inafaa tukiangalie kwa karibu, maana ndani yake ndimo ulimo ushahidi wa hoja hii. Silinda za injini yake zimepangwa kwa mistari miwili, na kila moja inaweza kung'olewa peke yake kwa winchi ya karakana, pamoja na pistoni na laina yake, bila kuigusa ya jirani. Mota ya ekseli ikiungua, bogi inatolewa chini ya kichwa, mota inashushwa, nyaya zake zinasukwa upya, kisha inarudishwa. Brashi za kaboni zinazogusana na sehemu inayozunguka ya mota zinakwisha kama kawaida yake, na fundi anazibadilisha kwa ratiba. Ukingo wa gurudumu ukilika, gurudumu linakerezwa upya kwenye mashine hadi lirudi kwenye umbo lake, na likishakerezwa mara nyingi hadi kufikia kipimo cha mwisho, linawekwa jingine. Kinachobaki siku zote ni fremu, lile boriti zito la chuma linalobeba kila kitu. Fremu isipopata ajali mbaya, na isipoachiwa kutu, inaweza kudumu zaidi ya nusu karne. Kwa hiyo ukiuliza kichwa kina miaka mingapi, fundi mzoefu atakuuliza nawe: unauliza fremu, mota, injini, au magurudumu? Kila kimoja kina umri wake. Kichwa kilichotunzwa kwa miaka 40 huenda kina vipande vichache tu vyenye umri huo.

Ndiyo maana kifo cha kichwa cha treni huwa ni mlolongo wa maamuzi ya kifedha kabla hakijawa tukio la kiufundi. TAZARA inaonyesha mlolongo huo waziwazi. Mwaka 1986 ilibeba zaidi ya tani milioni moja za mizigo. Mwaka wa fedha wa 2014/15 ilibeba tani 88,000 tu. Katikati hapo yalitokea mengi. Zimbabwe ilipata uhuru 1980 na Afrika Kusini ikabadilika 1994, hivyo njia za kusini zikafunguka tena kwa shaba ya Zambia. Barabara ikaboreshwa, na malori yakajaa Tunduma na Nakonde. Mapato yaliposhuka, kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa kile ambacho madhara yake hayaonekani wiki hiyo hiyo, yaani vipuri. Mishahara ikachelewa, migomo ikafuata. Kichwa kilichohitaji silinda mbili kiliegeshwa kusubiri silinda mbili. Kilipokuwa kimeegeshwa, kingine kikaharibika mota, na fundi aliyeagizwa treni iondoke usiku huo akaenda kuing'oa mota kwenye kile kilichoegeshwa. Kuanzia hapo kichwa cha kwanza hakidai tena silinda mbili. Kinadai silinda mbili na mota. Mwaka ukiisha kimebaki fremu na paa. Ni mkulima anayekula mbegu: anashiba leo, na wala si kwamba hajui msimu unakuja, bali leo hana kingine.

Simlaumu fundi huyo hata kidogo. Kuhamisha kipuri kutoka kichwa kimoja kwenda kingine ni kazi ya kawaida katika reli zote duniani, na ikifanywa kwa mpango ni kazi ya busara. Mpango wenyewe ni kukaa chini, kuvikagua vichwa vyote, kuamua kwamba hivi vitatu fremu zake zimepinda na havitarudi njiani kamwe, kisha kuvivunja kwa utaratibu, kila kipande kikipimwa, kikiandikwa na kuingizwa stoo kama kipuri. Ubaya ni pale kila kichwa kilichosimama kinapokuwa mtoaji bila kuandikwa mahali. Hapo reli inakuwa na orodha ya vichwa 20 vya kukarabatiwa, na ndani ya karakana hakuna hata kimoja kilicho kamili. Tofauti ya hali hizi mbili haitokani na umri wa chuma. Inatokana na daftari la stoo, pamoja na mtu mwenye mamlaka ya kusema kipi kife ili vingine vipone.

Mabehewa husahaulika zaidi ya vichwa, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu behewa ni kifaa rahisi kuliko vyote kwenye reli. Lina fremu, bogi mbili, magurudumu manane, breki za upepo na kiungo cha kuliunganisha na jirani yake. Halina injini wala mfumo mkubwa wa umeme. Magurudumu yake yakikerezwa, beringi zikibadilishwa, breki zikipimwa na sakafu yake ikichomelewa, behewa la mwaka 1975 hubeba shaba au mbolea sawa na lililotoka kiwandani jana. Na hesabu ya mabehewa ina siri moja ambayo watu wa nje ya reli hawaioni. Chukua behewa linalotumia siku 30 kwenda Kapiri Mposhi, kupakuliwa, kupakiwa na kurudi bandarini. Kwa mwaka mzima litafanya safari 12. Punguza siku hizo ziwe 15, na behewa lilelile linafanya safari 24. Umepata behewa la pili bila kulinunua. Kinachochelewesha behewa mara nyingi si behewa lenyewe. Ni kukosekana kichwa cha kulivuta, au njia mbovu inayolazimisha treni itambae, au treni nyingine iliyofia mbele. Reli hii ina njia moja tu kwa sehemu kubwa ya urefu wake, na treni zinapishana stesheni. Kichwa kimoja kikifa juu ya mlima baada ya Mlimba, kila kilicho nyuma yake kinasimama, na wanaosubiri upande wa pili nao wanasubiri. Katika mazingira hayo, kununua mabehewa mengi mapya huku vichwa vikifa njiani ni kuongeza idadi ya mabehewa yanayosubiri.

Sasa tuangalie wengine wanavyofanya, maana hoja hii si ya kinadharia. Nchini Marekani zipo kampuni za reli za kikanda, ndogo kuliko yale makampuni makubwa yanayovuka bara zima, nyingi zikiwa zimezaliwa baada ya sheria ya 1980 iliyolegeza masharti ya biashara ya reli na kuyapa makampuni makubwa nafasi ya kuuza njia zisizoyalipa. Iowa Interstate ni mfano mzuri. Ilianza 1984 kwenye njia iliyokuwa ya Rock Island, kampuni kongwe iliyofilisika na kusimama 1980. Ilianza na vichwa vilivyokwisha kutumika kwingine, ikavikarabati, ikajenga wateja, na mwaka 2008 ikanunua vichwa vipya kabisa vya General Electric. Kwake vifaa vya zamani vilikuwa daraja la kuvukia hadi siku ya kumudu vipya. Utaratibu huu umezoeleka kule: kampuni kubwa inauza kichwa chake kikishachoka kwa safari ndefu, karakana maalumu inakijenga upya, na kampuni ya kikanda inakitumia kwa miaka mingine 20 au zaidi kwa mwendo mdogo na mizigo midogo. Unawezekana kwa sababu upana wa njia ni mmoja, vipuri ni vilevile, na zipo karakana zinazoishi kwa kazi hiyo tu.

Vichwa vya namna hiyo vimefika hata Mombasa. Mwaka 2014 kampuni ya Rift Valley Railways, iliyokuwa imekodishwa reli ya Kenya na Uganda tangu 2006, ilianza kupokea vichwa 20 vya aina ya B23-7, vilivyotengenezwa Marekani miaka ya 1970 na 1980, vikajengwa upya na kuwekewa magurudumu ya njia yetu ya mita moja. Atakayepinga hoja yangu ataukamata mfano huu kwa mikono miwili, na ana haki. Mkataba ule ulikuwa wa miaka 25, lakini kufika 2017 ulikuwa umevunjwa. Je, hilo halionyeshi kwamba vifaa vya zamani ni mtego? Naona linaonyesha jambo jingine. Vichwa vile havikuvunja mkataba. Ulivunjwa na ugomvi wa muda mrefu juu ya malipo, uwekezaji uliochelewa na wanahisa waliobadilika. Kichwa kizuri, cha zamani au kipya, hakiokoi reli ambayo wenyewe hawaelewani nani alipe nini. Wala sisemi kwamba ununue chochote kilichozeeka kwa sababu ni rahisi. Nasema kichwa ulicho nacho tayari, ambacho fundi wako anakijua kwa kukisikiliza, kina thamani ambayo haionekani kwenye mizani ya chuma chakavu.

Pingamizi zito zaidi ni la mafuta na uhakika. Kichwa kipya hutumia dizeli kidogo kwa kila tani, kina kompyuta inayomweleza fundi tatizo kabla halijawa ajali, na kina nguvu ya kuvuta zaidi kwenye reli yenye utelezi kwa sababu mota zake zinajirekebisha zenyewe. Yote ni kweli, na kwa treni nzito za shaba zinazopanda kutoka Mlimba, kichwa kipya ndicho kinachofaa. Mtu anayetaka U30C ibaki kwenye kazi hiyo miaka 20 ijayo haitakii reli heri. Lakini reli haina kazi moja. Kuna kupanga mabehewa yadi na kuyapeleka kwenye maghala ya wateja. Kuna kuvuta kokoto na mataruma ya matengenezo. Kuna treni fupi za vituo vya karibu kama ile ya abiria iliyozoeleka kwa jina la Kipisi, ambayo mwanahistoria Jamie Monson ameandika jinsi ilivyobeba mazao na biashara ndogo za watu wa bonde la Kilombero. Kazi hizi zinakula muda wa kichwa bila kuhitaji nguvu zake zote. Kukipa kichwa cha mamilioni ya dola kazi ya kupanga mabehewa yadi ni kukiondoa kwenye njia kuu, ndiko kinakolipa deni lake.

Kuna pia kitu ambacho upya unacho na ambacho hakisemwi siku ya uzinduzi: kiwanda kinaweza kufa kabla ya kichwa. Kati ya 1955 na 1956 Reli ya Afrika Mashariki ilipokea vichwa 34 vya mvuke vya daraja la 59, vya aina ya Garratt, vilivyotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock. Kila kimoja kilipewa jina la mlima. Vilikuwa miongoni mwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kupita kwenye njia ya mita moja. Mwaka 1966 kiwanda hicho kilifunga milango. Vichwa vilivyokuwa na umri wa miaka kumi tu vikabaki yatima, na vikaendelea kufanya kazi kwa sababu karakana ya Nairobi iliweza kufyatua na kuchonga vipuri vyake yenyewe. Vilipoondolewa, karibu vyote vilikatwakatwa. Viwili, Mount Gelai na Mount Shengena, vimebaki kwenye Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi. Hapa niseme la pembeni: TAZARA nayo haina budi kutunza walau DFH2 moja, kamili, mahali ambapo mtoto wa shule wa Mbeya au Mpika anaweza kuigusa. Reli iliyogharimu maisha ya wajenzi wa nchi tatu, baadhi yao Wachina waliozikwa Gongo la Mboto, haistahili kukosa hata ushahidi mmoja wa chuma wa jinsi ilivyoanza.

Wapo watakaosema chuma chakavu ni pesa taslimu, na reli yenye madeni haiwezi kukataa pesa taslimu. Ni kweli kwamba fremu iliyopinda, boila iliyotoboka na behewa lililovunjika mgongo katika ajali mahali pake ni tanuru, na kuviacha vikioza kando ya stesheni ni hasara na hatari. Lakini chuma chakavu huuzwa kwa uzito. Mota ya ekseli inayoweza kusukwa upya, jenereta nzima, seti ya magurudumu ambayo bado haijafika kipimo cha mwisho, vyote hivyo vikifika kwenye mizani vinakuwa kilo za chuma na shaba ya nyaya. Unauza kwa kilo kitu ambacho mwezi ujao utakinunua kwa bei ya kipuri, kwa fedha za kigeni, na kukisubiri bandarini. Tena soko la chuma chakavu lina tabia ya kuifuata reli yenyewe: likiwa wazi bila usimamizi, vishikizo vya reli, skrubu na hata vipande vya reli iliyo kazini huanza kupotea. Kenya ilifika mahali Januari 2022 serikali ikapiga marufuku biashara yote ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya hujuma kwenye miundombinu ya taifa. Uuzaji wa vifaa vya reli vilivyokufa ufanywe kwa mnada wa wazi, baada ya ukaguzi, na baada ya kila kinachofaa kuingia stoo.

Pingamizi jingine ni kwamba mwekezaji sasa amekuja, basi haya ni yake. Na wengine wataongeza kwamba zama za reli nyembamba zimepita, tuna treni za umeme za SGR, reli mpya yenye njia pana, zinazokwenda Dodoma tangu 2024. Nianze na la pili. SGR ya Tanzania haielekei Zambia. Na Kenya, iliyoitangulia kwa SGR yake iliyofika Naivasha 2019, ililazimika kujenga kipande cha kuiunganisha na reli ya zamani pale Longonot ili mizigo ya Uganda iendelee na safari. Reli mpya ilipofika mwisho wake, iliikuta ile ya zamani ikiisubiri. Kuhusu mwekezaji, mkataba wa miaka 30 una mwaka wa 30. Siku hiyo nchi mbili zitarudishiwa reli na vilivyomo, na kitakachoamua kama zinarudishiwa reli au makaburi ya vichwa ni mambo yanayoandikwa sasa: hali gani vifaa viwe nayo siku ya kukabidhiwa, nani anamiliki michoro ya vipuri, nani anafundishwa kuvitengeneza. TAZARA ina bahati moja ambayo reli ya mita moja haina. Upana wa njia yake, milimeta 1,067, ni uleule wa Zambia, Zimbabwe, Katanga na Afrika Kusini. Kichwa chake kinaweza kukodishwa, kuuzwa au kukarabatiwa ndani ya soko pana la kusini mwa Afrika. Ushahidi upo: tangu 2018 kampuni binafsi ya Zambia, Calabash Freight, imekuwa ikiendesha treni zake za mizigo kwenye njia ya TAZARA kwa kulipia matumizi ya njia. Mizigo ilikuwepo wakati wote. Kilichokosekana ni nguvu ya kuivuta.

Hivyo kiini cha jambo hili kiko Mbeya na Mpika, ndani ya karakana, na kwa watu wake. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, na wengine wengi walijifunzia kazini kwa Wachina wakati wa ujenzi. Kizazi hicho kimestaafu. Waliojifunza kwao nao wanakaribia. Ujuzi wa kusikia mlio wa beringi inayoanza kufa, au kujua ni kwa nini kichwa fulani kinawaka moto mota ya tatu kila masika, haumo kwenye kitabu cha mtengenezaji na hauletwi ndani ya kontena. Ukizifunga karakana kwa miaka mitatu ya ukarabati ukisema vipya vinakuja na wataalamu wake, utakapozifungua utakuwa na majengo.

Na miaka hiyo mitatu ndiyo nafasi yenyewe. Ukarabati wa njia ya kilometa 1,860 unahitaji treni za kazi kila siku: kokoto kutoka machimbo ya Kongolo karibu na Mbeya, mataruma, reli ndefu, mafundi na mahema yao. Ni treni za mwendo mdogo, zinazosimama mara kwa mara, zenye mizigo ambayo haiharibiki ikichelewa. U30C zilizobaki na fremu nzima zinaweza kukaguliwa sasa, chache zilizo bora zikajengwa upya kwa vipuri vya zile zisizofaa, na zikapewa kazi hiyo. Mabehewa ya zamani yaliyo na mgongo imara yakafanyiwa magurudumu na breki yakabebe kokoto. Kazi hiyo ifanywe na mafundi wazee wa karakana hizo wakiwa na vijana wa vyuo vya ufundi pembeni yao kwa zamu, kichwa kimoja baada ya kingine, kila kipuri kikiandikwa kilikotoka na kilikokwenda. Vichwa vipya vitakaposhushwa Dar es Salaam, vitapokelewa na watu waliokwisha kushika kazi, na stoo yenye daftari lililojazwa.